Nyumba ya Mwanangu na Fatwa Yangu



Kijiji chetu cha Tura kiko kando ya reli ya kati, mashariki ya Tabora, na kabla ya reli kuwako kilikuwa juu ya njia ya misafara itokayo pwani kwenda Ujiji. Mwingereza Burton, aliyepita hapa mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hili ni "tua", yaani tua mzigo wako, kwa kuwa msafiri wa kutoka mashariki na wa kutoka magharibi wote walishusha mizigo hapa wakapumzika siku kadhaa kabla ya kuendelea. Basi mwezi wa Rajabu uliopita mwanangu wa pili, ambaye ni mwalimu wa shule huko Tabora mjini, alishuka katika treni akaja kunitulia mzigo wake mimi. Alikuwa na bahasha ya karatasi. Alipokwisha kuniamkia na kula, alisema, "Baba, safari hii naomba usinijibu leo. Zisome kwanza."

Nilijua kwa nini amesema hivyo, na nilinyamaza.

Mwaka 2014 alikuja na suala hilo hilo. Nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Isevya ilikuwa ikiuzwa shilingi milioni 12, na benki ilikuwa tayari kumkopesha kwa dhamana ya mshahara wake. Aliniuliza hukumu. Nilimjibu neno moja, riba. Nikamsomea aya, nikafunga kitabu, nikaenda zangu msikitini kuswali Alasiri. Jibu lilikuwa sahihi, na hata leo silibadilishi. Lakini sikumuuliza anaishi wapi, analipa nini, wala kama iko njia nyingine. Yeye, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu, alirudi akapanga. Kodi ilianza shilingi 50,000 kwa mwezi ikapanda mpaka 120,000, na mara mbili alihamishwa na wenye nyumba, mara moja mkewe akiwa na mimba ya miezi minane. Nilipopiga hesabu katika karatasi zake niliona amekwisha lipa zaidi ya milioni 10 kwa nyumba za watu, na nyumba kama ile ya milioni 12 sasa inauzwa 28. Nani aliyelipa gharama ya fatwa yangu? Hakulipa sheikh.

Sisi walimu wa dini tuna mazoea haya. Tunalifunga lango, na ni haki yetu kulifunga pale Mwenyezi Mungu alipolifunga, kisha tunaondoka bila ya kumwonyesha mtu lango lililo wazi. Nayo biashara, ambayo imehalalishwa katika aya ile ile iliyoharimisha riba, hatuifundishi. Mimi mwenyewe nimesomesha mlango wa twahara mara nyingi nisizozikumbuka, na mlango wa mauzo na rehani nimeusomesha mara 2.

Haya, tuzitazame karatasi. Nyumba inayouzwa ni ya mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenyeji wa Kigoma, anayetaka kurudi kwao. Bei milioni 28. Mwanangu na mkewe, ambaye naye ni mwalimu, walikuwa wameweka akiba milioni 8. Zilipungua 20.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mkopo wa nyumba wa kawaida, riba asilimia 16 kwa mwaka, muda miaka 15. Marejesho ni shilingi 293,700 na kidogo kila mwezi. Zidisha kwa miezi 180: inakaribia milioni 53 kwa deni la milioni 20. Wapo watakaosema kwamba asilimia 16 ni nafuu, na kwa hesabu za nchi yetu si waongo. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa 1973, ilifungwa 1995, na kwa miaka mingi baada yake mwenye kipato cha kawaida hakuwa na pa kwenda. Mwaka 2010, ilipoundwa kampuni ya kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa mikopo ya nyumba, riba ilikuwa asilimia 22 mpaka 24. Tangu hapo imeshuka ikawa kati ya 13 na 19. Imeshuka, lakini ni ile ile.

Hapa nitoe faida ndogo ya lugha. Watu husema "ameweka nyumba rehani" kwa sauti ya msiba, kana kwamba rehani yenyewe ndiyo haramu. Sivyo. Rehani imetajwa katika Suratul Baqara kuwa ni amana ya mwenye kukopesha, na Mtume (s.a.w.) alifariki hali deraya yake iko rehani kwa Myahudi wa Madina kwa pishi 30 za shayiri. Kinachoichafua rehani ni kile kinachopandishwa juu ya deni, kikaendelea kukua kadiri mdeni anavyochelewa.

Mwanangu alinikumbusha pia, kwa upole, kwamba Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti mwaka 1999 liliwaruhusu Waislamu wa Ulaya wasio na njia nyingine kununua nyumba ya kukaa kwa mkopo wa namna hii, kwa sababu ya haja. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba wanavyuoni wengi waliipinga. Nilimwambia: wale waliotoa rukhsa walisema "wasio na njia nyingine", na sisi bado hatujazitafuta njia zetu zikatuishia.

Karatasi ya pili ilikuwa ya benki inayofuata sharia. Hizi sasa ziko nchini: NBC ilifungua dirisha lake mwaka 2010, Benki ya Amana ikaanza 2011, CRDB ikaleta Al Barakah 2021. Namna yake ni murabaha: benki hununua nyumba kwa bei ya fedha taslimu, kisha humwuzia mteja kwa bei ya juu iliyokwisha tajwa, alipe kidogo kidogo. Mwanangu alipewa hesabu ya milioni 32 kwa zile 20, miaka 7, yaani karibu shilingi 381,000 kila mwezi. Jumla ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini kwa mwezi ni nzito zaidi.

Jirani yangu mmoja aliyekuwapo barazani alicheka. "Sheikh, hiyo ni riba iliyovaa kanzu." Nilimwambia asifanye haraka. Kuuza kwa mkopo kwa bei kubwa kuliko ya taslimu si jambo geni katika njia hii ya kwetu. Wafanyabiashara wa misafara walichukua nguo na shanga Unguja kwa mkopo, wakalipa baadaye kwa pembe za ndovu. Na Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 lilihalalisha bei ya namna hiyo, kwa sharti ikatwe siku ya mkataba, wala isiongezwe mtu akichelewa. Tofauti yake na riba iko mahali pamoja: muuzaji lazima awe na kitu, na akiwa nacho, hasara yake iwe juu yake. Kwa hiyo niliitafuta katika karatasi siku ambayo nyumba ingekuwa ya benki. Niliona kifungu kinachosema kwamba tangu benki itakapomlipa mzee, kila hasara ya nyumba ni ya mteja. Ikianguka ukuta kabla hatujauziana, ni wangu? Basi umeniuzia nini? Nilimwambia mwanangu arudi aulize, na kama kifungu hicho kitarekebishwa mimi sina neno. Wala simaanishi kwamba benki zote za namna hii ziko hivyo. Namaanisha kwamba Mwislamu asiridhike na jina la Kiarabu lililo juu ya karatasi.

Haikuwa na haja ya kurudi, kwani benki zote mbili zilikwama mahali pamoja. Mzee hana hati. Ana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, kama walivyo wenye nyumba wengi katika miji yetu, na kiwanja kimepimwa lakini hati haijatoka. Bila hati hakuna rehani, iwe ya riba au isiyo ya riba. Madalali wanaojaza masikio ya vijana kwa habari za mikopo hawalitaji jambo hili mpaka wamekwisha pokea chao. Siku hizi wameongeza na habari ya reli mpya: tangu mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora uliposainiwa mwaka 2021, kila kiwanja wanachokiuza wanakiita cha karibu na stesheni.

Ndipo ilipotokea karatasi ya tatu, ambayo haikuwa ya benki. Tajiri mmoja, Mwislamu, mtu wa sadaka, alijitolea hivi: atainunua nyumba kwa milioni 28 taslimu, mwanangu akae ndani, amlipe kodi ya 300,000 kila mwezi, na baada ya miaka 5 ana hiari ya kuinunua kwa milioni 40. Akishindwa siku ile, nyumba imekwenda, na zile milioni 8 atakazotoa mwanzo kama arubuni zimekwenda nazo. Mwanangu aliipenda kuliko zote. Hakuna neno riba ndani yake, wala hakuna hati inayotakiwa, na mwenye kutoa ni ndugu katika dini.

Mimi niliisoma mara mbili mikono ikinitetemeka, maana niliijua. Mwalimu wangu, Mpemba, Mungu amrehemu, alitusimulia darasani katika miaka ya 1970 jinsi babu yake alivyopoteza shamba la karafuu. Waliiita bei ya khiyari. Mkulima aliyehitaji fedha "alimwuzia" mkopeshaji shamba lake, akabaki humo kama mpangaji, na kodi ya kila mwaka ndiyo iliyokuwa riba. Siku ya kulikomboa ikifika na karafuu zimeshuka bei, shamba limekwenda. Mashamba yaliyokwenda Unguja na Pemba kwa njia za madeni yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia yasihamishwe ovyo. Wapo mafakihi wa zamani walioipa ruhusa bei hii kwa ajili ya shida za watu, lakini lile baraza la Jeddah liliikataa mwaka 1992, likisema ni mkopo wenye manufaa uliogeuzwa sura. Mwalimu wetu hakuhitaji baraza. Alisema babu yake alikuwa akipita kando ya mikarafuu aliyoipanda mwenyewe akiinamisha kichwa.

"Sasa baba," aliniuliza mwanangu, "zote tatu umezikataa. Nirudi nikapange tena?"

Lilikuwa suala la mwaka 2014, lakini safari hii hakikuwako cha kwenda kufunga.

Ninayo akiba. Kwa miaka 12 nimekuwa nikiweka fedha za asali na za ng'ombe kwa nia ya Hijja, zikafika milioni 7. Hazijatimia. Katika madhehebu yetu ya Shafi, hata aliyetimiza uwezo anaruhusiwa kuchelewesha akiwa na azma ya kwenda, na mimi uwezo sijautimiza. Hayo ndiyo niliyojiambia usiku ule, na sikulala. Mtu wa miaka 66 hajui kama ana Rajabu nyingine. Mama yao aliniona nimekaa kitandani, akaniuliza kama nahesabu tasbihi au fedha. Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ulimkataza kwa ajili ya Mungu. Basi msaidie kwa ajili ya huyo huyo."

Asubuhi nilimwambia mwanangu arudi kwa mzee wa reli amwulize jambo moja tu: kama atakubali kuuza mwenyewe kwa awamu, milioni 15 siku ya mkataba, zilizobaki kwa miaka 3, na bei akate yeye sasa hivi isibadilike tena. Mzee alitaka milioni 30 badala ya 28. Tulikubali. Zile 15 ni 8 zao na 7 zangu, ambazo nimemkopesha mwanangu karadha njema, arudishe shilingi kwa shilingi. Aliposema si lazima tuandike kati ya baba na mtoto, nilikataa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni, nami nimeisomesha watu miaka 40.

Tuliandika Tabora, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mwanasheria, mashahidi wawili kila upande. Mwanasheria alimtaka mke wa mzee naye asaini, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe; na bibi yule kabla ya kusaini alisema mwembe ulio nyuma ya jiko usikatwe. Tuliliandika hilo pia. Nyumba imekuwa ya mwanangu tangu siku ile, na ikianguka imemwangukia yeye. Kila mwezi watatoa 416,700, wao wawili, na mwaka huu watoto hawatapata nguo mpya za Idi. Mkwe wangu aliniambia hivyo usoni, na sikuwa na la kumjibu ila kweli.

Awamu ya kwanza imelipwa mwishoni mwa Shaabani. Zimebaki 35.