Alama ya Mukwa

Nyanya yangu alikuwa na bonde kwenye paji la uso. Lilichimbwa na mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wa Ukambani huupitisha kichwani wakibeba mzigo mgongoni. Nasi wasichana wa Kithimani tuliurithi. Jua likiwa halijachoma tulikuwa tumeshateremka hadi mfereji wa Yatta, ule waliochimbishwa wafungwa wa Mau Mau miaka ya 1950, tukarudi na jerikeni za lita 20. Ukishatua mzigo, kichwa hubaki kikibanwa na mukwa ambao haupo tena. Hakuna aliyeuita ugonjwa.

Mwaka 2019 kubanwa kule kulinirudia, na sikuwa nimebeba kitu. Titi langu la kushoto lilikuwa limeondolewa mwaka uliotangulia, kemo na mionzi nimemaliza. Nilikuwa nachuma mishiri shambani nikahisi mkazo kutoka paji hadi kisogoni, pande zote mbili. Haukuwa wa kuliza mtu. Lakini jina lake nilikuwa nalo tayari: imepanda kichwani. Ndivyo tunavyosema huku. Saratani haisambai, inapanda, kama mchwa ukutani.

Redio nayo haikunihurumia. Julai tarehe 1 alifariki Bob Collymore wa Safaricom. Tarehe 26, Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Siku tatu baadaye, gavana wa Bomet, Joyce Laboso. Wote saratani. Mlio wa taarifa ya habari ukianza tu, mukwa unakazwa.

Sikumwambia mtu. Mama aliponikuta nimejifunga leso kichwani mchana aliuliza, “Ni kichwa?”

“Ni jua, mwaitu.”

Zahanati ya kwanza waliniambia ni mawazo, wakanipa tembe za maumivu. Neno hilo liliniudhi kuliko ugonjwa wenyewe, labda kwa kuwa nusu yake ilikuwa kweli.

Daktari wangu wa saratani, Nairobi, alianza kwa maswali. Kichwa kinakuamsha alfajiri? Unatapika? Kinazidi ukikohoa au ukiinama? Umewahi kupatwa na degedege? Mkono au mguu wa upande mmoja umelegea? Unaona kitu kimoja kama viwili? Nilijibu hapana mara sita. Kisha akanibonyeza shingoni, karibu na bega la kushoto, nikaruka.

“Mama, tangu upasuaji unalilinda bega hili kama kuku na vifaranga.”

Akanieleza kwamba ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni utando unaoufunika, mishipa ya damu, au misuli iliyo nje ya fuvu, na yangu ilikuwa imekakamaa kutoka begani hadi utosini. Hofu huikaza zaidi. Hakunificha pia kwamba saratani ya titi ni mojawapo ya zile zinazoweza kufika kwenye ubongo, na kwa historia yangu asingebahatisha. Akaagiza picha ya MRI. Bima ya NHIF ililipa sehemu, mbuzi wawili wakalipa iliyobaki.

Picha ilikuwa safi. Nilitarajia mukwa uanguke pale pale mlangoni pa hospitali. Nilipanda matatu ya kurudi, nao ukapanda nami. Kufika Thika nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kama mashine haikosei.

Ulilegea polepole, kwa wiki, na kazi hiyo ilifanyika ukutani. Daktari alinifundisha kusimama nikiutazama ukuta na kutembeza vidole kwenda juu, mkono wa kushoto, hadi bega likatae. Hapo napiga alama kwa kaa la jikoni. Ya kwanza ilikuwa chini ya kidevu changu. Mama aliketi kwenye kigoda akihesabu, na siku moja, bila kunigeukia, akasema, “Kumbe halikuwa jua.”

Bado huja. Huja hasa siku mbili tatu kabla ya tarehe ya kliniki, kama mgeni anayejua ratiba ya nyumba. Najiuliza yale maswali sita nikiosha vyombo. Jibu likiwa hapana, namwita binti yangu anikande shingo. Siku moja likiwa ndiyo, nauli ipo kwenye kopo.

Alama ya juu kabisa imepita kizingiti cha juu cha mlango. Tulipopaka nyumba rangi nilimkataza fundi asiifute. Akaipima kwa macho, akauliza ni mtoto gani wetu aliyerefuka hivyo.