Alama hizo si muhuri

Mimi ni mpenzi wa mitihani ya kupima akili. Nikiwa kwenye matatu hutoa simu na kusaka umbo linalokosekana au nambari inayofuata. Ni burudani, sawa na kucheza bao. Lakini mzazi mmoja mtaani kwetu alimpa mwanawe mtihani kama huo, akaona alama chache, akamwita "bongo lala". Sasa mtoto hataki kufungua daftari la hesabu.

Mfaransa Alfred Binet alipotunga mtihani wake na mwenzake mwaka wa 1905, nia ilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni, si kuwapiga muhuri.

Tazama Embu. Watafiti waliwapima watoto huko mwaka wa 1984, kisha wengine wa umri huohuo mwaka wa 1998. Hao wa pili waliwapita wenzao kwa mbali, hasa katika mafumbo ya maumbo. Je, damu ya Embu ilibadilika kwa miaka 14? La hasha! Watafiti walitaja lishe bora na wazazi waliosoma zaidi.

Basi cheza, ucheke. Alama zikiwa chache, jiulize kwanza: mtoto amekula nini, na ni nani humsomea?