Mikono Juu, Chini ya Mwamba

"Mkalishe pembeni mwa safu, mzee, si katikati. Mimi nikishuka kumchukua mtoto sitaki kukanyaga miguu ya watu."

Aliyenipa ushauri huo ni mwanasarakasi wa Busia, upande wa Kenya, kijana ambaye siku za kazi hutengeneza baiskeli na siku za sikukuu hulipwa kusimama mabegani mwa wenzake. Nilimwendea kwa shida ya kifamilia. Binti wa dada yangu, mwenye miaka tisa, alikuwa amehudhuria kila onyesho la sarakasi na mazingaombwe lililopita mjini kwetu, mikono yote miwili juu, na hakuna msanii aliyewahi kumwita. Mdogo wake wa miaka sita alikuwa ameanza kuamini kwamba wanaoitwa hununuliwa tiketi ya aina nyingine. Jumatatu ya Pasaka ilikuwa inakaribia, na tulikuwa tumesikia kwamba Tororo, ng'ambo ya mpaka upande wa Uganda, kungekuwa na onyesho la watoto katika bustani ya hoteli. Dada aliniambia niwapeleke mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyewatia maneno kwamba kuna mbinu.

Mbinu zipo. Yule kijana alinieleza mambo ambayo aliyekaa kwenye kiti hayaoni. Msanii anayemwita mtoto hagawi zawadi, anatafuta mfanyakazi wa dakika tano. Anamtaka mtoto atakayesimama pale anapowekwa, atakayetaja jina lake kwa sauti inayofika nyuma, na ambaye hataangua kilio moto ukiwashwa. Kwa hiyo macho yake huanza kazi mapema, kabla hajauliza nani anataka kuja mbele. Wenzake wanapojenga mnara wa watu, yeye yuko kando akisoma nyuso: yupi anacheka pale panapochekesha, yupi amejificha kwenye leso ya mama, yupi amekunywa soda tatu na hatulii. Anayeruka huku akipiga kelele "mimi, mimi!" hupitwa, maana akifika jukwaani atataka kuongoza yeye. Mdogo mno hupitwa pia, hata umati ukimwonea huruma, kwa sababu wa miaka minne akilia mchezo umekwisha, na mama akija kumchukua wanaume watano wamebaki wamebebana bila sababu.

Mzazi naye hutazamwa. Akiwa anatabasamu, ruhusa imepatikana bila neno. Akiwa amekunja uso, au amelewa, mtoto wake hagusiki, hasa katika mchezo wa kurushwa hewani. Halafu kuna pesa, na hilo kijana alilisema bila haya. Mtoto mmoja huchukuliwa kwenye meza za wageni waalikwa, mwingine kwenye nyasi kule nyuma, mwingine kushoto, ili kofia ikianza kuzungushwa kila upande uwe na mtoto wake wa kumtuzia.

"Na nguo?" nikamuuliza.

"Njano ni nzuri, inaonekana. Nyekundu siku ya sikukuu wanavaa wote. Lakini gauni lisiwe refu, tutalikanyaga."

Nikarudi nyumbani na mafunzo ambayo mengi yalimhusu mjomba kuliko mtoto. Kila jioni tulifanya mazoezi uani, mimi nikiwa mfawidhi na mwiko ukiwa kipaza sauti. Unaitwa nani? Unatoka wapi? Unapenda nini? Mkono mmoja tu, umenyooka, na macho yawe kwa msanii badala ya kuwa kwa mjomba. Suala la kiti lilizua kesi, kwa kuwa pembeni mwa safu hukaa mtu mmoja. Dada aliamua: mkubwa kwanza, amesubiri zaidi.

Binamu yangu anayeishi Florida aliposikia habari hizi alituma ujumbe mrefu wa sauti, nusu yake kicheko. Kwao, Walt Disney World, jambo hili wazazi wamelifanya taaluma. Kwa miaka mingi kulikuwa na onyesho la Star Wars ambamo watoto wa miaka 4 hadi 12 walivalishwa majoho ya Jedi wakapigana na Darth Vader, na wazazi walikuwa wakiwahi mara lango linapofunguliwa asubuhi ili wawaandikishe kabla nafasi hazijaisha. Kuna pia hadithi ya Belle, iliyofunguliwa mwaka 2012, ambamo watazamaji hugawiwa sehemu za kuigiza. Huko ulipambana na orodha. Tororo hakuna orodha, kuna jicho la mtu mmoja, na jicho hilo lina haraka.

Watu wa mpakani hapa hawakuanza jana kuletewa maigizo, wala kuitwa mbele. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, chini ya mwalimu wao David Cook, walianza kuzunguka Uganda na Kenya na tamthilia zao, nyingine zikiwa kwa Kiswahili. Miaka ya 2000, kampeni za Ukimwi zilipopamba moto magharibi mwa Kenya, vikundi vya vijana vilikuwa vikiigiza sokoni na kusimamisha mchezo mahali pagumu kabisa, mke anataka wapimwe na mume anakataa, kisha mtazamaji anaombwa aje achukue nafasi ya mhusika aonyeshe yeye angefanyaje. Mbinu hiyo asili yake ni Augusto Boal wa Brazil, ambaye hakupenda mtazamaji abaki mtazamaji. Nakumbuka jinsi sisi watu wazima tulivyokuwa tukirudi nyuma hatua mbili kiongozi wa mchezo akinyoosha kidole. Watoto wa siku hizi wanasukumana kwenda mbele. Sijui tulipishana nao wapi.

Tulivuka asubuhi. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe Februari 2018 na marais wa nchi zote mbili, anayekwenda Uganda humaliza shughuli zake upande wa Uganda, dirisha la Kenya na la Uganda yakiwa chini ya paa moja. Mimi kitambulisho cha taifa kilinitosha. Kwa watoto nilibeba vyeti vya kuzaliwa na barua ya dada, maana mwanamume anayevuka mpaka na watoto wasio wake ni lazima aulizwe, na ningeshangaa asipoulizwa. Afisa aliinama dirishani.

"Wewe unaitwa nani?"

Mpwa wangu alijibu kwa sauti iliyogeuza vichwa vya foleni nzima: jina lake, jina la baba yake, Busia, gredi ya nne, na kwamba anapenda kuogelea. Hajawahi kuogelea. Afisa alipiga muhuri akicheka.

Nje tulibadilisha pesa, tukanunua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai ingali inatoa moshi, tukapanda gari la abiria la kwenda kaskazini. Tororo ni kilomita 30 na ushei. Ndani ya gari mmoja alisalimia "mulembe," mwingine "yoga," konda akadai nauli kwa Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na Wateso vilevile. Mpaka uliwapitia katikati wakiwa wamekaa.

Mwamba wa Tororo huonekana kabla ya mji. Ni mabaki ya volkano ya kale, jiwe tupu lililosimama kiasi cha mita 300 juu ya nyumba, na mdogo mtu alitaka kujua kama tutaupanda. Nilimwambia tazama mawingu. Tororo ina sifa ambayo wakusanyaji wa rekodi za dunia wameiandika: kati ya 1967 na 1976 ngurumo zilisikika hapo siku 251 kwa mwaka, kwa wastani. Asubuhi jua linachoma, unyevu unapanda kutoka upande wa Ziwa Viktoria, alasiri mbingu inavunjika. Mtu anayeandaa onyesho la nje Tororo mwezi wa Aprili anashindana na saa hiyo, na ndiyo sababu nilisisitiza tufike mapema. Waandaaji walikuwa wametangaza saa nane mchana. Walianza saa sita na nusu, na waliochelewa walikuta pembeni kumejaa.

Kulikuwa na zile nyumba za plastiki zilizojazwa upepo, foleni ya kupakwa rangi usoni, na mtindi wa barafu uliokuwa ukiyeyuka juani. Wanasarakasi walifungua kwa mnara wa watu, wakafuata na viti vilivyopangwa juu ya shingo za chupa, kisha mmoja akapita chini ya fimbo ya moto kwa mgongo. Muda wote huo nilimtafuta yule wa kando anayesoma nyuso, na nilimpata: mchezaji wa mazingaombwe, koti lake likimeta, ameegemea spika huku akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kabla ya zamu yake, baba mmoja wa meza za mbele alimwita mfawidhi akampa mkono, na ndani ya mkono ule kulikuwa na noti. Mwanawe akaitwa wa kwanza, kushindana kudansi. Mtoto alikodoa macho, hakutaja jina lake wala la baba yake, akapewa pipi na kurudishwa. Watu walicheka. Mimi nilimwonea huruma, kwa sababu yeye hakuomba kitu. Aliyetaka kuonekana alikuwa amekaa na soda yake mezani.

"Nahitaji msaidizi," alisema mwenye koti, na bustani nzima ikawa mikono.

Mpwa wangu aliinua mmoja. Umenyooka, macho mbele, mdomo umefungwa. Nilitamani nimsukume kidogo, au nipige mluzi. Badala yake nilitabasamu hadi mashavu yakauma, maana ndiyo kazi niliyopangiwa. Yule bwana alitembea taratibu kati ya safu, akampita mvulana aliyekuwa amesimama juu ya kiti, akampita msichana aliyekuwa akimvuta koti, akafika kwetu na kunitazama mimi kwanza. Kisha akanyoosha mkono.

"Unatoka wapi, mrembo?"

"Busia!"

"Busia ipi?"

Umati ukaangua kicheko. "Busia ya Kenya!" akajibu, na hapo nikajua kwamba tulikuwa na karata ambayo hata mwanasarakasi wetu hakuitaja. Mgeni ana thamani jukwaani. Bwana yule aliigeuza ile habari kuwa mchezo mzima: mgeni wetu amekuja, mpokeeni, lakini Wakenya si wana shilingi ngumu, hebu atukopeshe moja. Mpwa wangu hakuwa na kitu. Sarafu ikatoka sikioni mwake. Akapewa aishike, ngumi ikafunikwa kwa kitambaa, na bwana yule akainama kurekebisha kitambaa kile. Aliinama kwa muda usiozidi pumzi moja, midomo karibu na sikio la mtoto.

Mtu mzima anaweza kukisia kinachotokea katika pumzi hiyo. Wachezaji wa mazingaombwe wa nchi nyingi hufanya hivyo: humnong'oneza aliyechaguliwa jambo dogo la kufanya au la kutofanya, na papo hapo anageuka kuwa mwenzao, mbele ya macho ya watu wote. Hapo ndipo yale mafunzo ya mtoto mtulivu yanapopata maana. Anayeropoka angeharibu kila kitu.

Ngumi ilifunguliwa, tupu. Sarafu ilipatikana katika mfuko wa shati wa yule baba wa noti, ambaye alikuwa wa mwisho kujua. Makofi yalipigwa hadi kule jikoni. "Eyalama," alishukuru bwana yule kwa Kiteso, akimwinamia mpwa wangu kama mtu anayeagana na mfanyakazi mwenziwe, na mtoto akarudi kwenye kiti bila kukimbia.

Zamu iliyofuata ingekuwa ya wadogo. Mfawidhi alikuwa amekwisha kuitangaza, na mdogo mtu alikuwa amekwisha kuinua mkono wake, mmoja, umenyooka, pale ngurumo ya kwanza ilipopiga nyuma ya Mwamba. Spika zilifunikwa kwa turubai. Kofia zilizungushwa mbio mbio, nikatia noti yangu, na matone yalipoanza kudondoka tulikuwa tumejibana barazani pamoja na wasanii, magodoro yao na kuku wawili wa hoteli. Mdogo mtu alimkabili mwenye koti uso kwa uso.

"Mbona hukunichagua mimi?"

"Wewe ulikaa katikati, mwanangu," alisema, akikunja vitambaa vyake. "Mwakani kaa pembeni."

Mtoto aligeuka akanitazama mimi, kisha akamtazama dada yake. Hakusema neno hadi mvua ilipokatika.

Gari tulilopata jioni lilikuwa linakwenda Malaba, kwa hiyo tulirudi kwa mlango huo. Malori yalikuwa yamejipanga upande mmoja wa barabara, madereva wanapika chai chini ya trela. Kwenye dirisha upande wa Kenya afisa wa kike aliwauliza watoto walikwenda kufanya nini Uganda.

"Kazi," alijibu mpwa wangu.

Ilinibidi nieleze kwa muda mrefu.

Kutoka Malaba hadi Busia biashara iliyoendelea kiti cha nyuma ilikuwa moja. Mdogo mtu alitaka kujua kilichosemwa sikioni. Alianza kwa kutoa pipi zake, akaongeza zamu yake ya dirishani, akaongeza kuosha vyombo kwa wiki nzima. Nami nilijaribu bahati yangu, kwa upole, nikidokeza kwamba nauli imetoka mfukoni mwangu.

"Mjomba, yule mtu aliniambia nisiseme."

Tulipopita Adungosi mdogo mtu alikuwa ameahidi baiskeli ambayo bado hajanunuliwa, na dada yake alikuwa akimuuliza ni ya rangi gani.