Hendibreki ya umeme iliponigomea Meru

Leo hakuna somo la programu, ingawa nikifikiria vizuri ni mambo yale yale.

Wiki iliyopita nililala nyumbani, Makutano, Meru. Asubuhi nilikuwa nimpeleke Mama kliniki Embu, miadi saa nne, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Saa kumi na moja na nusu nawasha gari: tik, tik, kimya. Kumbe kamera ya kioo cha mbele niliiacha imechomekwa usiku kucha. Betri nzima ikiwa imepumzika husoma karibu volti 12.6. Yangu ilisoma 10.9.

Gari la zamani ungeshusha mkono wa hendibreki, vijana wakasukuma, basi. Hili langu la mtumba lina kitufe tu. Ukikibonyeza, kompyuta ndogo inaamuru mota mbili za magurudumu ya nyuma, na kila mota inazungusha skrubu inayosukuma pedi kwenye diski. Skrubu ile haihitaji umeme kuendelea kubana, ndiyo maana betri ikifa gari halijiachii mlimani. Lakini kuilegeza, lazima umeme uwepo.

Jirani akaleta jampa. Injini ikanguruma, nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe. Gurudumu la kushoto likaachia. La kulia, wapi!

Fundi akaja, akachungulia. "Boss, hii tunang'oa mota, tunarudisha skrubu kwa mkono, unaenda bila hendibreki. Embu si mbali."

Si mbali, ndiyo, ila katikati kuna daraja la Nithi. Wanaopita njia ile wanaujua mteremko wake na zile kona. Julai 2022 basi lilitumbukia pale, watu zaidi ya 30 wakafa. Na kwa gari nyingi za aina hii, pedali ikikataa, kitufe kile ukikivuta na kukishikilia ndiyo breki yako ya mwisho.

Mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele na bahasha yake ya hospitali. "Mwanangu, miadi hii nimeingojea miezi mitatu." Hapo niliumia roho kweli.

Nikasema turekebishe kabisa. Pedi ilikuwa imegandia diski kwa kutu. Fundi akasafisha, akarudisha mota, na mara taa ya njano ikawaka. Yeye alidhani tumeharibu. Mimi nikacheka, maana hii naijua: kompyuta ile haioni pedi iko wapi, inapima tu umeme ambao mota inavuta. Ukipanda, inajua imebana. Sisi tumegeuza skrubu kwa mkono bila kuiambia, sasa kumbukumbu yake inasema uongo. Tukachomeka mashine yake ya kusomea hitilafu, tukaiamuru ijipime upya. Ziiii, upande huu, ziiii, upande ule. Taa ikazima.

Nithi nilishuka kwa gia ya pili. Embu tulifika saa tano kasorobo, muuguzi akanung'unika, kisha akampokea.

Ile kamera nimeing'oa.