Mkeka Haujisuki

Niliandika gazetini kwamba Paul Rothemund "alisuka" DNA. Neno hilo lilinipendeza mpaka nilipomsomea mama.

Ilikuwa mwaka 2006, California. Rothemund alichukua uzi mrefu wa DNA ya kirusi cha bakteria, wenye herufi 7,000 na ushei, akautia kwenye maji ya chumvi pamoja na vipande vifupi zaidi ya 200. Akapasha moto hadi nyuzijoto 95, akaacha upoe. Haikufika saa mbili, uzi ukawa umejikunja kuwa vijiuso vinavyotabasamu, kila kimoja na upana wa nanomita 100 hivi.

Mama aliweka ukili chini. "Sasa kasuka nani?"

"Hakuna. A hushikana na T, G na C. Kwenye joto vinaachana, maji yakipoa vinatafutana."

"Mkeka haujisuki, mwanangu."

Nilitaka kubisha, ila ana hoja. Herufi za kila kipande Rothemund alizipanga kwanza kwenye kompyuta. Usukaji ulikwisha kabla maji hayajachemka, na mimi nikausifia mkono usiokuwepo. (Mhariri naye alipitisha.)

Vidole vya mama siku hizi vinakakamaa. Mkeka wa harusi ya dada uko nusu tangu Ramadhani.

"Vikishikana vibaya, huyo bwana hufanyaje?"

"Anapasha tena, vyote vinaachana, kisha anapoza taratibu."

Akatazama ukili wa jana, pale alipokosea. Akaanza kufumua.