Mistari Miwili Chini ya Picha

Kazi iliyonilisha London ni kuandika manukuu, ile mistari miwili inayopita chini ya filamu. Mstari mmoja hubeba herufi 40 hivi, tena kwa sekunde chache tu. Mswahili akibisha hodi akauliza hali, watoto na wagonjwa, mimi nina nafasi ya salamu moja. Wazee wengi nimewavunjia heshima.

Neno lililonitesa kuliko yote ni "kwetu". Katika filamu fupi moja, kijana amekaa kitandani Peckham, simu sikioni: "Mama, nataka kurudi kwetu." Nikaandika "nyumbani", kwa Kiingereza, nikaendelea.

Jirani yangu wa Wembley akanikatalia. Ni bibi wa Kigujarati mzaliwa wa Kampala, mmoja wa Wahindi ambao Idi Amin aliwapa siku 90 wawe wameondoka, mwaka 1972. Kiswahili chake ni cha dukani na jikoni, ngeli anazichanganya atakavyo, lakini sikio lake haliibiwi kitu. Alikuwa amekuja na sahani ya kachori, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Bwana, nyumbani iko hapa. Bili ya gesi nalipa hapa. Kwetu hapana hapa."

Jioni ile tukaiweka *Mississippi Masala*, filamu ya Mira Nair ya 1991. Wengi huikumbuka kwa mapenzi ya Mina na Demetrius, na kweli Denzel Washington hasahauliki. Bibi hakuwajali. Macho yake yalikuwa kwa Jay, baba wa Mina, anayeishi Marekani huku akiidai serikali ya Uganda nyumba yake mwaka baada ya mwaka. Hatimaye anafika Kampala, anamuulizia Okelo, rafiki wa tangu utotoni, anaambiwa hayupo tena duniani. Kachori ikabaki mkononi mwa bibi, chatne ikimdondokea kwenye sari.

"Hata kwaheri hakumpa," akasema. Hakusema tena mpaka taa ilipowashwa.

Usiku nikaufuta mstari wangu, nikaandika kwamba kijana anataka kurudi kwa watu wake. Herufi zilitosha. Mhariri akarudisha "nyumbani": fupi, alisema, inaeleweka.

Siku ya kuionyesha ile filamu fupi nilimchukua bibi. Kijana akasema maneno yake, manukuu yakapita, na katika giza la ukumbi sauti ya kizee ikapaa kando yangu, watu wakageuka:

"Kwetu! Amesema kwetu!"