Hukumchukia, Ulimdharau

Koboko

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako kutoka Arua nimeupata. Unasema, "Mjomba, mimi siwachukii wale Wakongo." Nakuamini. Lakini sikukukanya kwa ajili ya chuki.

Siku ile sokoni, binti wa makazi ya wakimbizi ya Lobule alikuwa ameketi na mafungu yake ya muhogo mkavu. Ulimwita "we Mkongo", ukaligusa fungu kwa ncha ya kiatu, ukaenda zako ukiongea na simu. Hiyo ni dharau. Mwenye kukuchukia anakuona. Amekukamia, hulala na kuamka na wewe. Mwenye kukudharau hakuoni. Na kama ungemcheka mbele za watu ungekuwa umembeza, maana kubeza ni dharau iliyopata mdomo. Kinyaa usikitie humu, hicho ni cha tumbo. Hata Waingereza, neno lao "despise" asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kumtazama mtu kutoka juu. Kuchukia hakuhitaji kupanda popote.

Sisi wa West Nile tumeonja yote mawili. Wakoloni walitufanya ghala la vibarua, wazee wetu wakapelekwa kukata miwa Kakira na Lugazi, wengine jeshini. Hakuna aliyewachukia wazee hao. Walihesabiwa tu, kama majembe. Rais Idi Amin, mtu wa kwetu, alipoanguka mwaka 1979 ikafuata chuki, tukalipishwa makosa yake. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliwaua watu waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, pale karibu na Arua unapopita kila mara.

Wakati huo sisi tulikuwa tumeshavukia Zaire, Kongo ya leo, upande wa Aba, mama yako akiwa bado anabebwa mgongoni. Nilipata kazi ya kupalilia kwa mzee mmoja. Hakunidhulumu hata siku moja, ujira alinipa kamili. Ila aliniita kwa mluzi. Nilimlimia misimu miwili na hakuwahi kuniuliza jina. Mpwa wangu, milio ya bunduki imeshafifia masikioni mwangu. Mluzi ule bado nausikia.

Yule binti bado anauza palepale, karibu na wauza samaki. Ukija likizo, nenda kwake kabla hujafika nyumbani. Chuchumaa, muulize jina lake, na muhogo ununue kwa bei atakayokutajia.

Ni mimi mjomba wako.